Tulichukua Wimbo, Kisha Tukachukua Mto

Kama ulisoma shule ya msingi Kenya, unaijua pareti. Jumatatu na Ijumaa asubuhi, soksi zimevutwa hadi magotini, skauti wanapandisha bendera, mwalimu wa zamu anazunguka nyuma ya mistari akitafuta nani anaongea. Halafu wimbo wa taifa. Tuliuimba miaka minane tukiwa tumesimama wima kama milingoti, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba ile tuni ni ya kulaza mtoto. Ndiyo, kulaza mtoto. Nchi ilipokuwa inajiandaa kwa uhuru wa 1963, kamati ya wanamuziki ilitafuta wimbo wa taifa jipya, ikaupata kwa akina mama wa Kipokomo waliokuwa wakiwabembeleza watoto wao kandokando ya Mto Tana. Ikaupa maneno mapya, na nchi nzima ikasimama wima.

Miaka mitano baadaye, 1968, bwawa la Kindaruma likaanza kutoa stima kwenye mto huohuo.

Kwanza tulichukua wimbo, kisha tukachukua mto. Tofauti ni kwamba wimbo ukiuchukua, mwenyewe anabaki nao. Mama wa Ngao au Garsen bado anaweza kumwimbia mtoto wake usiku. Mto ukiuchukua, habari ni nyingine.

Leo nataka kugombana na neno moja tu: safi. Stima safi. Nishati safi. Uchumi wa kijani. Septemba 2023 marais wa Afrika walikutana Nairobi kwa mkutano wa tabianchi, mabango yakajaa kuanzia uwanja wa ndege hadi KICC, na Kenya ikajipiga kifua kwamba karibu asilimia 90 ya stima yake haitokani na mafuta ya kuchomwa. Mimi pia nilijisikia poa. Si mara nyingi nchi hii inakupa kitu cha kuringia. Lakini tangu siku hiyo kuna swali linanikera kama jiwe ndani ya kiatu: safi kwa nani? Usafi tunaoringia unapimwa kwenye bomba la moshi. Hakuna moshi, basi ni safi. Mtoni hakuna anayekwenda kupima.

Twende mtoni basi.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, karibu kilomita 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Sehemu ya katikati tumeupanga mabwawa matano kama ngazi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. La kwanza kukamilika ni hilo la 1968, la mwisho ni Kiambere, 1988. Jumla ni kama megawati 600. Maji yaleyale yanafanya kazi mara tano kabla ya kuachiliwa. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo tangi kubwa la juu: likijaa linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu. Na kabla maji hayajafika huko, Nairobi imeshachota yake. Ndakaini, bwawa tunalolitajataja kila ukame ukibisha hodi, liko kwenye Mto Thika, na Mto Thika ni mtoto wa Tana. Kwa hiyo wewe uliye Umoja au Roysambu, chai ya asubuhi ni Tana. Maji ya kuoga, yakija, ni Tana. Na kwenye stima iliyochaji hiyo simu unayosomea haya, Tana ina mkono wake.

Huko chini mambo yalikuwaje kabla ya ngazi? Wacha nieleze, kwa sababu sisi wa mjini tunaona mto kama mfereji ambao mtu alisahau kuufunga. Mvua ndefu na mvua fupi zikinyesha kule milimani, Tana ulikuwa ukijaa, ukapanda kingo, ukatandaza maji mashambani pande zote mbili. Mara mbili kwa mwaka. Maji yakirudi, yanaacha tope laini, na Mpokomo anapanda humo mpunga, mahindi na ndizi kabla halijakauka. Hakununua mbolea, ilimfikia ikielea. Madimbwi na maziwa madogo yaliyobaki nyuma yalijaa samaki. Kiangazi kikikaza, Waorma na Wawardei waliteremsha ng'ombe kwenye delta, kwa sababu huko nyasi zilibaki kijani wakati kwingine kote ni vumbi. Hata msitu wa kando ya mto ulikunywa hapohapo, msitu ambao ndani yake kuna mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, wanyama ambao huwapati pengine popote duniani.

Kwa mtu wa Nairobi neno mafuriko ni South C imezama na matatu zimekwama. Kwa mtu wa Tana, mafuriko ya kawaida yalikuwa mshahara. Ulikuwa ukiingia mara mbili kwa mwaka, na kila mtu alijua tarehe zake.

Sasa, kazi ya bwawa la stima ni nini? Ni kuhakikisha mshahara huo hauingii. Si kwa ubaya. Ndivyo mtambo unavyotaka. Tabo linataka maji ya kiasi kilekile leo, kesho na mtondo, ili Industrial Area isizimike. Kwa hiyo mafuriko yanazuiwa nyuma ya ukuta na kugawiwa kidogokidogo mwaka mzima. Tope nalo linatua Masinga, ambako linawaumiza vichwa mainjinia kwa sababu linajaza bwawa, huku mkulima wa chini akililia lilelile tope. Maji yanayomfikia ni ya kupimwa na yamechujwa. Na mto ukikosa nguvu kule mwisho, bahari haikai kusubiri: kwenye delta, karibu na Kipini, wakulima wa mpunga wa Ozi wameona maji ya chumvi yakiupanda mto na kuingia mashambani.

Najua utaniuliza: lakini si mabwawa yanazuia mafuriko mabaya? Hili swali nalipenda, kwa sababu jibu lake ndilo linalonitoa povu. Mabwawa yanazuia mafuriko madogo na ya kati, yale yenye baraka. Yale makubwa yenye maafa yanapita juu. Masika ya 2024 mabwawa yote yalijaa pomoni, Masinga ikamwagika, na Garissa na Tana River zikazama. Watu walihama na magodoro vichwani, boti likapinduka Garissa na kuua, na mashamba yakalala chini ya maji wiki baada ya wiki. Mvua ile haikuletwa na bwawa, na bila ukuta maji yangekuja pia. Lakini angalia biashara ilivyo: mwaka wa maji ya wastani, maji ni ya stima. Mwaka wa maji ya kuua, maji ni ya watu wa chini. Faida inapanda nguzo kuja kwetu, hasara inateremka na mto kwenda kwao. Hapo ndipo neno safi linapoanza kunuka.

Na usidhani angalau walipata stima. Hii ndiyo sehemu ambayo nikiwaambia marafiki zangu wanadhani natunga. Mji wa Garissa umekaa ukingoni mwa Tana, chini ya mabwawa yote matano. Kwa miaka na miaka mji huo uliwashwa na jenereta za dizeli. Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River, hivyohivyo, dizeli. Maji yaliyotoka kuwasha Westlands yalipita mbele ya Garissa gizani, na malori ya mafuta yakaja kutoka upande mwingine kuwapelekea moshi. Laini kutoka Kindaruma ilifika Garissa karibu nusu karne baada ya Kindaruma kuwashwa. Nusu karne! Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa ameshakuwa babu. Na hata leo, nguzo zikipita juu ya paa la mtu si lazima waya uingie ndani.

Tusisahau pia waliohamishwa. Kiambere pekee liliwatoa maelfu ya watu kwenye mashamba ya kando ya mto, ardhi nzuri, wakaenda kujipanga upya kwenye ardhi kavu. Mtu anahama kupisha maji halafu anaanza kutafuta maji. Kama huo si mzaha, basi sijui mzaha ni nini.

Kisha kuna damu. Agosti 2012, kwenye delta, kijiji cha Riketa kilivamiwa alfajiri, wengi wa waliouawa wakiwa wanawake na watoto. Wakati mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yanatulia mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa. Sitakudanganya kwamba mabwawa ndiyo yaliyoshika mapanga. Kulikuwa na siasa za uchaguzi wa 2013, kulikuwa na bunduki, kulikuwa na ugomvi wa hati za ardhi, na miaka michache kabla kulikuwa na makampuni yaliyoitaka delta kwa maelfu ya hekta, wengine wapande miwa, wengine jatrofa ya mafuta ya kijani. Ona, kijani tena. Lakini mkulima na mfugaji waliishi pamoja kwa karne nyingi, wakigombana na kupatana, kwa sababu mto ulikuwa unapanua meza kila msimu. Ukipunguza meza mwaka baada ya mwaka, usishangae viwiko vikigongana. Halafu sisi wa Nairobi tukatazama habari za saa moja, kwa stima, tukasema hao watu wamezoea kupigana.

Tena hatujatosheka na mto wetu. Tangu Novemba 2022 tunanunua stima kutoka Ethiopia, megawati 200 kwa kuanzia, kupitia laini ya zaidi ya kilomita 1,000 inayoishia Suswa. Sehemu kubwa ya stima ya Ethiopia ni ya maji, na moja ya mabwawa yake makubwa, Gibe III lenye uwezo wa megawati 1,870, liko kwenye Mto Omo. Omo ndio unaoleta karibu asilimia 90 ya maji ya Ziwa Turkana. Wamursi, Wabodi, Wanyangatom na Wadaasanach walikuwa wakilima kwenye tope la mafuriko ya Omo, kama Wapokomo walivyolima kwenye tope la Tana. Mwaka wa 2018 UNESCO iliziweka mbuga za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na bwawa hilo likiwa miongoni mwa sababu. Ni kweli, baadaye ziwa lilipanda kwa sababu ya mvua kubwa, hata likafukuza watu ufukweni, na wapo watakaokwambia kesi imeisha. Haijaisha. Kesi haikuwa ya kimo cha maji peke yake. Ilikuwa ya nani anashika kufuli, na je, anayekunywa aliulizwa?

Sasa nasikia wale wa upande wa pili wakikohoa. "Kwa hiyo unataka nini, msee? Turudi kwa makaa ya mawe?"

Hapana. Na usinitishe na makaa ya mawe. Mtambo wa makaa uliopangwa Lamu ulisimamishwa na mahakama ya mazingira 2019, na mimi ni mmoja wa walioshangilia. Lamu ni jirani ya delta ya Tana; watu wake walisimama miaka kadhaa wakisema hatutaki jivu kwenye bahari yetu, na tukawasikiliza, tukavaa fulana zao, tukasambaza picha zao. Ninachouliza ni hiki: kwa nini sikio hilohilo linaziba ukisogea kilomita chache kusini? Ni kwa sababu makaa yana sura mbaya na maji yana sura nzuri. Bwawa linapendeza kwenye picha. Unaweza kwenda Masinga wikendi, ukapiga selfi, ukala samaki. Dhuluma yenye mandhari nzuri ni ngumu kuiona.

Wala sisemi tubomoe ukuta wowote. Mabwawa yapo, na nchi inayahitaji, hasa jioni watu wote wanapowasha taa kwa pamoja. Wahenga wa pwani walisema Mgala muue na haki yake umpe. Methali yenyewe ina makali yake: Wagala ni jina la zamani, tena si la heshima, ambalo watu wa pwani waliwaita Waoromo, na Waorma wa Tana ni wa ukoo huo. Wenye methali walikuwa na chuki yao, lakini hata ndani ya chuki walijua kuna deni. Sisi tunajiita wa kijani, wenye huruma na dunia nzima, na deni hatulijui.

Deni lenyewe si fumbo. Liko kwenye sheria zetu wenyewe.

Katiba, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihakikishe faida ya maliasili inagawanywa kwa usawa. Sheria ya Nishati ya 2019 ilijaribu, lakini kwa mvuke wa ardhini: inataka mrabaha wa jotoardhi ugawanywe, asilimia 20 iende kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii inayokaa hapo. Vizuri sana. Maji ya Tana hayakupewa mgao kama huo. Yaani Mungu akikupa mvuke una haki, akikupa mto una picha ya Masinga. Jambo la kwanza basi: mgao huo uandikwe kwa maji pia, na jamii isiwe ile inayopakana na ukuta peke yake. Anayekaa kilomita 400 chini ya bwawa ni jirani wa bwawa. Mto ndio unaosema hivyo.

Pili, mafuriko yarudishwe. Si yote, na si ya kuua: ya kupangwa. Sheria ya Maji ya 2016 tayari inatambua akiba ya mto, maji ambayo lazima yabaki kwa mahitaji ya kimsingi ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe kabla ya mtu yeyote kugawiwa. Na mto haulindwi na matone ya kupimwa peke yake. Unataka pia ule msimu wake wa kujaa. Afrika Kusini, kwenye bwawa la Pongolapoort, wamekuwa wakiachilia maji kwa makusudi ili tambarare ya chini ipate mafuriko yake. Si uchawi. Itatugharimu megawati kadhaa kwa siku kadhaa za mwaka uliojaa. Tulipe. Tunalipia vitu vya kijinga zaidi.

Tatu, maji yakifunguliwa watu wajulishwe mapema, kwa Kipokomo, Kiorma na Kisomali, kupitia redio na chifu na simu, si kwa taarifa ya Kiingereza kwenye mtandao baada ya ng'ombe kusombwa.

Nne, mpango wa bwawa la High Grand Falls, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukiibuka na kuzama na kuibuka tena, usiguse hata jiwe kabla watu wa chini hawajasema ndiyo au hapana. Hilo lingebeba maji mengi kuliko Masinga. Na kuwauliza watu si kuwaita kwenye hema, kuwapa soda, kuwasainisha karatasi ya mahudhurio, kisha kuandika kwenye ripoti kwamba walishirikishwa. Kuuliza maana yake ni kwamba jibu la hapana linawezekana.

Sisi vijana tulijifunza kitu 2024. Tulisoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu, tukautafsiri kwa Sheng na lugha za mama, tukaingia barabarani kuuliza pesa zetu zinaenda wapi. Wengine hawakurudi nyumbani. Hatuwezi kuwa kizazi kinachojua pesa zinakoenda lakini hakitaki kujua stima inakotoka. Hilo swali la pili linauma zaidi, kwa sababu safari hii mchukuaji si mheshimiwa peke yake. Ni mimi na wewe na feni yetu.

Kwa hiyo fanya jambo moja dogo. Ukinunua tokeni tena, usiangalie uniti tu. Tafuta mchanganuo wa pesa zako. Utaona mafuta, utaona mabadiliko ya dola, utaona ushuru, utaona mstari wa WRA, mamlaka ya maji, senti chache kwa sababu ya maji yaliyotoa stima. Yaani serikali yenyewe inakubali kwamba mto una bei. Sasa tafuta mstari unaosema Tana River. Tafuta Ozi, tafuta Hola, tafuta mfugaji wa delta. Hawapo. Mpaka siku watakapokuwepo, usiniambie stima yangu ni safi.

Na tukiinuka tena kuimba wimbo wa taifa, tukumbuke uliimbiwa nani kwanza. Ulikuwa wa mtoto aliyetakiwa alale bila wasiwasi kando ya mto wake.